Safari ya meli ya usiku wakati wa sikukuu: mambo ya kujua kabla hujapanda

Kila mwaka unapokaribia mwisho, na kila Idd inapokaribia, watu wengi wanaanza kupanga safari ya kwenda nyumbani kwa njia ya maji. Kwa wasikilizaji wetu wa Kanda ya Ziwa hiyo ni meli ya kutoka Mwanza kwenda Kemondo na Bukoba. Kwa ndugu zetu wa pwani ni meli ya kutoka Dar es Salaam na Unguja kwenda Pemba. Meli hizi nyingi husafiri usiku: unapanda giza likiwa limeingia, unalala, na asubuhi unashuka upande wa pili.

Maswali tunayoulizwa redioni kuhusu safari hizi yanafanana. Tiketi inunuliwe wapi? Mtoto mdogo anahitaji tiketi? Ninywe dawa gani nisitapike? Na swali ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini: nitajuaje kama meli ni salama? Tumeyakusanya majibu hapa ili uyasome kwenye simu yako kwa utulivu, na ukipenda umtumie ndugu anayejiandaa na safari.

Kwa nini meli husafiri usiku

Sababu ya kwanza ni biashara. Meli inayofika alfajiri inamkuta mfanyabiashara sokoni mapema, na ndizi, samaki au nyanya zinafika kabla jua halijawa kali. Sababu ya pili ni abiria mwenyewe. Anayesafiri usiku hapotezi siku ya kazi, wala halipii nyumba ya kulala wageni.

Katika Ziwa Victoria, meli inayojulikana zaidi kwa safari hii ni MV Victoria. Ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya kukaa miaka kadhaa bila kufanya kazi ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, na wengi wanaifahamu kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Inaruhusiwa kubeba abiria 1,200. Jijini Mwanza imejengwa pia meli mpya, MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliyoundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari 20.

Kumbuka kwamba siku hizi una njia nyingine. Tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3 limewaondolea wasafiri wa barabara ile foleni ya kivuko. Kwa hiyo ukikuta meli imejaa, basi lipo. Hakuna sababu ya kujilazimisha kupanda meli ambayo roho yako inakataa.

Tiketi: jina lako ni muhimu kuliko kiti chako

Nunua tiketi kwenye dirisha la bandari, kwa wakala anayetambulika, au kwa mfumo wa malipo ya simu wa kampuni yenyewe. Wakati wa sikukuu huwa wanajitokeza watu nje ya geti wenye tiketi mkononi, wakidai meli imejaa ila wao wanazo mbili zilizobaki. Hata kama tiketi hiyo ni halali, ina jina la mtu mwingine, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Jina linaloandikwa kwenye tiketi ndilo linaloingia kwenye orodha ya abiria. Ni orodha hiyo inayojulisha watu wa bandarini ni wangapi wamo ndani, na likitokea jambo, familia inaitumia kujua kama mtu wao alipanda au hakupanda. Ukisafiri kwa jina la mtu mwingine, kwenye karatasi wewe haumo melini.

Hili tumelijifunza kwa uchungu. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza baada ya kusafiri usiku kutoka Bukoba kupitia Kemondo. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Zaidi ya watu 800 walikufa, na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja hesabu kamili. Wengi wao wamezikwa Igoma, jijini Mwanza. Zipo familia ambazo hazikupata mwili, na wala hazikupata karatasi yenye jina la mtu wao.

Wazungu nao walifundishwa na bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 1994, meli ya abiria iitwayo Estonia ilizama ikitoka Tallinn kwenda Stockholm. Walikuwamo watu 989, na 852 kati yao walikufa. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba katika safari inayozidi maili 20 za baharini, abiria waandikwe majina na orodha iachwe nchi kavu. Orodha ikibaki melini tu inazama pamoja na meli.

Kwa hiyo fanya mambo haya manne:

1. Nenda na kitambulisho, na hakikisha jina la kwenye tiketi ni lako.
2. Kila mtoto aandikwe, hata mchanga anayebebwa mgongoni. Mtoto asiyelipiwa nauli naye ni mtu, lazima ahesabiwe.
3. Piga picha tiketi yako, umtumie ndugu aliyebaki nyumbani pamoja na jina la meli na saa ya kuondoka.
4. Ukiahirisha safari, toa taarifa dirishani na umjulishe ndugu huyo. Jina la mtu ambaye hakupanda linaweza kuwasumbua waokoaji na kuwaliza watu bure.

Kwa nini meli inapinduka

Wengi wanadhani meli huzama kwa sababu ya kutoboka au kupigwa na mawimbi makubwa. Hayo hutokea, lakini mara nyingi katika ajali za kwetu tatizo huanza bandarini, wakati wa kupakia.

Fikiria baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Mikungu ikining'inia chini karibu na magurudumu, unaisukuma bila shida. Ukiifunga yote juu, kwenye usawa wa kichwa chako, shimo dogo tu linaiangusha. Meli nayo iko hivyo. Uzito ukiwa chini, meli ikilala upande inarudi yenyewe. Watu na magunia wakijaa sitaha ya juu, inapolala haina nguvu ya kurudi. Halafu abiria wakiogopa na kukimbilia upande mmoja, wanamalizia kazi iliyoanzwa na mizigo.

Jambo la pili ni maji yanayoingia ndani. Jaza beseni nusu, libebe huku unatembea. Ukiliinamisha kidogo, maji yote yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta. Ndivyo inavyokuwa kwenye meli zinazobeba magari, ambazo chini zina ukumbi mrefu usio na kuta za kati. Kwenye Estonia, mawimbi yaling'oa mlango wa mbele na maji yakaingia katika ukumbi wa magari. Haikuchukua saa nzima meli ikawa chini, na wengi wa waliokufa walikuwa wamelala vyumbani.

Kwetu, MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika bahari ya Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idd ilikuwa imepita siku chache tu, na watu wengi walikuwa safarini. Meli iliyopaswa kubeba abiria mia sita na kitu ilikuwa na watu zaidi ya 2,000, kwa mujibu wa uchunguzi wa serikali. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara. Walikufa watu 228. Ilikuwa mchana, nchi kavu ikionekana.

Ukitazama ajali hizi, unaona jambo moja linajirudia. Abiria wa mwisho kupanda alikuta meli imeshajaa, naye akapanda.

Mambo ya kuangalia ukiwa bandarini

Fika mapema, mchana ukiweza, uione meli kabla ya giza. Huhitaji kuwa baharia ili kuona mambo haya:

Imelala upande? Meli iliyofungwa gatini inapaswa kusimama wima. Ikiwa imeinama kushoto au kulia hata kabla ya kuondoka, uliza.

Mizigo iko wapi? Magunia, mikungu na matenga yanapaswa kuwa chini kwenye sehemu ya mizigo, yamepangwa na kufungwa. Yakiwa yamerundikwa njiani, kwenye ngazi au sitaha ya juu, hiyo ni hatari mara mbili: yanaipa meli uzito wa juu, na yanaziba njia ya kutokea.

Watu wanahesabiwa? Pawe na mtu anayekagua tiketi na kuhesabu wanaoingia. Ukiona watu wanaingia kwa mlango mwingine, au wanapanda kutoka kwenye mtumbwi, ujue orodha imeshaharibika.

Ukiwa na mashaka, mwone ofisa wa bandari au askari wa bandarini. Kwa Tanzania Bara, chombo kinachosimamia usalama wa vyombo vya majini ni TASAC. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Sema kwa adabu, taja jina la meli, na eleza ulichokiona. Hata wakikujibu kwamba hakuna tatizo, bado una haki ya kubaki na kusafiri kesho. Nauli inarudi, na ikishindikana kurudi, si kitu.

Hali ya hewa: usiku wa ziwa si usiku wa bahari

Wavuvi wetu wanajua kwamba Ziwa Victoria hubadilika usiku. Sababu yake ni hii. Jua likizama, nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu yanajengeka, na mvua ya radi hunyesha usiku wa manane hadi asubuhi. Ndiyo maana unaweza kuondoka Mwanza anga likiwa na nyota na ukakutana na radi mbele ya safari.

Baharini wenye usemi ni kusi na kaskazi. Kusi huvuma katikati ya mwaka, na Juni hadi Agosti ndipo bahari huchafuka zaidi. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ndani ya msimu huo, bahari ikiwa imechafuka. Kaskazi huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Machi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa bahari na maziwa. Sikiliza utabiri siku ya safari, maana wa juzi hautakusaidia. Nahodha akiahirisha safari kwa sababu ya upepo, abiria hununa na kulalamika, hasa mkesha wa sikukuu. Tunakuomba usiwe miongoni mwao. Nahodha huyo anafanya kazi yake.

Dakika kumi za kwanza ndani ya meli

Ukishaweka mzigo, usilale kwanza. Tumia dakika kumi kufanya haya, wewe na unaosafiri nao:

Tafuta jaketi okozi lilipo. Uliza baharia kama la mtoto lipo, kwa sababu jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto. Jifunze kulifunga kabla taa hazijazimwa. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo hayakuelezi kama ya bahari. Hata anayejua kuogelea anahitaji jaketi.

Hesabu milango. Kutoka kitandani au kitini kwako hadi sitaha ya nje kuna milango mingapi, na inafunguka upande gani? Hesabu kwa mkono, ukigusa ukuta. Taa zikizimika, mkono utakumbuka.

Uliza mahali pa kukusanyika. Kila meli ya abiria ina sehemu iliyowekwa kwa dharura. Kubalianeni na familia: tukipotezana tunakutana pale. Mwambie na mtoto kwa maneno yake.

Tayarisha simu. Ichaji kabla ya kupanda, iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na usimalize chaji kwa miziki. Katikati ya ziwa au mkondo mtandao hukatika, kwa hiyo ujumbe wa "tumeondoka salama" utume mkiwa bado karibu na bandari. Tochi ya simu ndiyo taa yako gizani.

Ukipata chumba, usikifungie kwa kufuli usiloweza kulifungua haraka ukiwa usingizini. Viatu vyako viwe mahali unapoweza kuvipata bila taa.

Kichefuchefu, wazee, wajawazito na watoto

Meli hutikisika kidogo zaidi katikati na sehemu za chini, na hutikisika sana mbele na juu. Kama tumbo lako ni jepesi, tafuta nafasi ya katikati. Kula chakula kidogo kikavu kabla ya safari. Usipande na tumbo tupu wala usishibe sana. Pombe iache. Kichefuchefu kikianza, toka ukapate hewa na utazame mbali, au lala chali ufumbe macho. Kusoma simu kunazidisha.

Dawa za kuzuia kichefuchefu hufanya kazi zikinywewa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika. Nyingi huleta usingizi. Muulize mfamasia, hasa ukiwa mjamzito, ukiwa unatumia dawa nyingine, au ukitaka kumpa mtoto. Usimpe mtoto nusu ya kidonge chako kwa kukisia.

Mzee asiyeweza kupanda ngazi haraka asipewe kitanda cha chini kabisa ya meli, hata kama kuna utulivu zaidi. Mtafutie nafasi karibu na mlango wa kutokea. Na mtoto mdogo asiachwe aende chooni peke yake usiku. Sitaha huwa na maji, na nafasi kati ya vyuma vya pembeni ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Ikitokea hatari

Ishara ya dharura melini inajulikana dunia nzima: milio saba mifupi ya honi au kengele, ikifuatiwa na mlio mmoja mrefu. Ukiisikia, vaa nguo, vaa jaketi, mvalishe mtoto, nenda mahali pa kukusanyika. Mizigo iache. Begi likikwama mlangoni linazuia watu walio nyuma yako.

Usikimbilie upande ambao watu wote wamekimbilia. Fuata maelekezo ya mabaharia. Usiruke majini kabla ya kuambiwa, isipokuwa meli inazama kweli na hakuna njia nyingine. Ukiwa majini, usipoteze nguvu kwa kupiga kelele mfululizo. Shikaneni mikono kwa makundi, maana kundi linaonekana kwa urahisi kuliko kichwa kimoja. Filimbi ya kwenye jaketi husikika mbali kuliko sauti yako.

Wewe uliye kijijini ukiona chombo kina shida, piga 112 mara moja. Taja eneo kwa jina la mwalo au kisiwa kilicho karibu, kisha mtafute mwenye mtumbwi wa injini. Katika ajali nyingi za ziwani, wavuvi ndio hufika kwanza.

Ukifika

Ukishuka, mpigie ndugu aliyebaki na tiketi yako umwambie umefika, hata kama ni alfajiri. Subiri mizigo mizito ishushwe bila kusukumana kwenye ngazi, maana gatini nako watu huumia.

Safari ya usiku majini, ikienda vizuri, ni safari nzuri. Unaamka ukiona taa za Bukoba, au harufu ya karafuu inakupokea Mkoani, na mwili haujachoka kama wa aliyetoka kwenye basi. Maelfu husafiri hivyo kila mwaka na kufika salama. Tunachokuomba, msikilizaji wetu, ni vitu vidogo: andikisha jina lako na la mtoto wako, tazama meli kabla ya kupanda, jua jaketi lako lilipo, na ukiambiwa imejaa, ukubali kwamba imejaa. Nyumbani watakusubiri mpaka kesho.